Uzeeni Tukakae Wapi? Kuchagua Nchi ya Kukaa Baada ya Kustaafu

MWALIMU: Ninyi mliokusanyika darasani Kigamboni, Tungi, Mjimwema na Kibada, na ninyi mlio mbali zaidi, karibuni katika somo letu. Sogeeni karibu na redio. Mwenye daftari na kalamu aviweke tayari, maana leo kuna hesabu kidogo.

Somo la leo linamhusu mtu aliyemaliza kazi yake, naye anafikiri kwenda kukaa katika nchi nyingine. Tutajifunza mambo manne ya kuuliza kabla ya kuondoka. Kwanza sikilizeni mazungumzo haya.

Mzee mmoja wa Kigamboni amestaafu. Kwa miaka mingi alivuka kwa pantoni asubuhi kwenda kazini mjini, akarudi jioni. Sasa anapata pensheni. Anayo nyumba ya vyumba vinne, na viwili amepangisha. Mkewe amefariki. Binti yake ameolewa Mombasa. Jioni moja binti anapiga simu.

BINTI: Shikamoo, baba.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?

BINTI: Hawajambo, wanakuulizia kila siku. Baba, mimi na mume wangu tumeshauriana. Wewe uko peke yako. Uza nyumba, uje ukae nasi. Huku nako ni pwani. Kiswahili tunakisema, na samaki ni wale wale.

MZEE: Maneno yako ni mazuri. Lakini nyumba niiuze?

BINTI: Utaifanyia nini, nawe hupo? Kwa fedha zake tutakujengea chumba hapa uani kwetu.

MZEE: Nipe siku chache, mwanangu. Nitauliza kwanza.

MWALIMU: Mzee huyu amejibu vizuri. Hakukubali wala hakukataa, amesema atauliza. Sasa aulize nini? Tuyatazame mambo hayo moja moja.

Jambo la kwanza: ruhusa ya kukaa

Kutembelea nchi ni jambo moja, na kukaa ni jambo jingine. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki akifika Kenya kutembea, aweza kupewa pasi ya hadi miezi sita. Mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, humfungulia njia mtu anayekwenda kufanya kazi au kujiajiri. Lakini mzee wetu haendi kufanya kazi. Anakwenda kupumzika.

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 ziliweka kibali cha daraja K kwa watu wa namna hii. Mwombaji awe na umri wa zaidi ya miaka 35, asifanye kazi, na awe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola za Marekani 24,000 kwa mwaka. Andikeni hesabu hii: 24,000 gawa kwa 12. Jibu ni dola 2,000 kila mwezi. Wastaafu wangapi wa Kigamboni wana pensheni kama hiyo? Basi, mzee aulize pia kama binti yake aweza kumwombea ruhusa kama mtu anayemtegemea.

Nchi nyingine nazo zina hesabu zao. Panama imejulikana kwa kumpokea mstaafu wa kigeni mwenye pensheni ya dola 1,000 kwa mwezi. Thailand hutaka awe ametimiza miaka 50, na awe na fedha benki au mapato ya kutosha. Kila mlango una kizingiti chake. Masharti hubadilika, kwa hiyo nenda ubalozini ukaulize masharti ya siku hiyo. Usitegemee maneno ya barazani.

Tena angalieni neno hili: uraia. Kwa Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, mtu mzima anayechukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyingine hupoteza uraia wa Tanzania. Kuwa na kibali cha kukaa hakuondoi uraia wako. Kwa hiyo ukiletewa karatasi utie sahihi, isome kwanza. Ni kwa ajili ya siku kama hiyo tunajifunza kusoma.

Jambo la pili: fedha na matibabu

Pensheni ya mzee hulipwa kwa shilingi za Tanzania. Akivuka mpaka pale Horohoro, atanunua unga kwa shilingi za Kenya. Tufanye mfano tu. Tuseme shilingi 20 za Tanzania zinapata shilingi 1 ya Kenya. Pensheni ya shilingi 200,000 itapata 10,000. Mwaka unaofuata, tuseme zinahitajika 25 kupata 1. Pensheni ile ile itapata 8,000. Mzee hakuibiwa na mtu, lakini shilingi 2,000 zimepungua mfukoni.

Yampasa aulize ofisi ya mfuko wake, ikiwa ni NSSF au PSSSF: Fedha zangu zitanifikiaje huko? Na nikitakiwa kuhakikiwa kwamba ningali hai, nitafanyaje?

Halafu aulize habari za matibabu. Kadi ya bima ya afya hufanya kazi katika hospitali zenye mkataba na mfuko uliotoa kadi hiyo. Je, huko aendako ipo hospitali ya namna hiyo? Kama haipo, nani atalipa? Uzee na daktari ni majirani. Swali hili lisiachwe.

Jambo la tatu: nyumba na ardhi

Binti anataka kujenga chumba kwa fedha za baba yake. Chumba kitajengwa juu ya ardhi ya nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 husema kwamba asiye raia aweza kupata ardhi kwa kukodi tu, na muda wake usizidi miaka 99. Chumba cha uani kitakuwa mali ya mwenye kiwanja. Mkwe ni mtu mwema leo. Kesho yaweza kutokea talaka au kifo, na mzee hana hata karatasi moja yenye jina lake.

Na hapa Kigamboni je? Zamani watu wa mjini waliona huku ni mbali, ng'ambo ya maji. Mwaka 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, lililojengwa na Serikali pamoja na NSSF. Mfuko huo ni wa akiba za wafanyakazi. Ukiuza nyumba yako leo, usitumaini kwamba siku utakayorudi utapata nyingine kwa bei uliyouzia.

Jambo la nne: njia ya kurudi

Sasa sikilizeni habari ya kweli. Mwaka 1967 Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi hizi zilishirikiana katika reli, bandari, posta na ndege. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya posta Kampala, na ya bandari Dar es Salaam. Wafanyakazi wengi walikaa katika nchi ya jirani kama kwao.

Mwaka 1977 Jumuiya ile ikavunjika. Mwezi wa Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Ndugu walitengana. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalifanyika mwaka 1984. Madai ya wastaafu wa Tanzania yaliendelea mpaka yakafika Mahakama Kuu, na mapatano yao na Serikali yakafanyika mwaka 2005. Andikeni: 2005 toa 1977. Jibu ni miaka 28. Mtu aliyekuwa na miaka 50 Jumuiya ilipovunjika, alikuwa na miaka 78 siku ya mapatano hayo, kama alikuwa hai.

Hatusemi haya ili kuwatisha. Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000, na watu wanapita Horohoro kila siku. Twasema tu kwamba kijana akikuta njia imefungwa aweza kungoja au kuanza upya. Mzee hana miaka ya kungoja. Kwa sababu hiyo nchi inayomfaa ni ile anayoweza kuondoka akarudi kwake.

Mzee alivyoamua

Baada ya kuuliza, mzee akampigia binti yake simu.

MZEE: Mwanangu, nakuja. Lakini nyumba siiuzi. Wapangaji nitawaacha, na kodi itawekwa benki. Nitakaa nanyi miezi mitatu, nione kama maji ya huko yananikubali.

BINTI: Na baada ya hiyo miezi mitatu, baba?

MZEE: Tutakaa chini tuhesabu pamoja. Nikiona vema nitaomba ruhusa ya kukaa. Nikishindwa, ufunguo wa nyumba ninao mfukoni.

BINTI: Haya, baba. Ilimradi uje. Watoto watafurahi.

MWALIMU: Wazee wetu walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Msala ni mzuri, ila unapita na mwenyewe. Mzee hakuukataa msala. Ameukalia kwa furaha, na mbacha wake ameukunja akauweka.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mzee hakuiuza nyumba yake?

2. Taja mambo manne ya kuuliza kabla ya kuhamia nchi nyingine.

3. Pensheni ni shilingi 300,000 za Tanzania. Kama shilingi 20 za Tanzania zinapata shilingi 1 ya Kenya, mzee atapata shilingi ngapi za Kenya?

4. Je, yuko mtu hapa darasani ambaye jamaa zake wamehamia Kenya, Oman au kwingine? Atueleze walikaa kwa ruhusa gani, na wazee wao walitibiwaje.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.