Kosa la Mwanafunzi Lina Sababu Yake

Majuzi nilikuwa katika shule moja ya msingi upande wa Runyenjes, Embu, nikiwakagua wanachuo wetu walio katika mazoezi ya kufundisha. Ubaoni paliandikwa swali: chagua sentensi iliyo sahihi.

A. Ng'ombe hii imevunjika mguu.
B. Ng'ombe huyu amevunjika mguu.
C. Ng'ombe huyu imevunjika mguu.
D. Ng'ombe hii amevunjika mguu.

Wengi darasani walichagua A. Mwalimu alitangaza kwamba jibu ni B, kisha akaendelea na swali la pili. Hapana aliyeuliza kwa nini watoto wengi kiasi hicho walikosea kwa namna moja.

Watu wengi wakikosea kwa namna moja, hapo pana kanuni. Katika Kiembu na Kimeru, ng'ombe huchukua viambishi vya ngeli yake, sawa na nyumba. Kiswahili sanifu nacho huwatoa viumbe wenye uhai katika ngeli nyingine na kuwaingiza katika A-WA. Mtoto aliyechagua A hakubahatisha. Alitumia sarufi kamili aliyoinyonya kwa mamaye. Tena hakuchagua C wala D, ambazo zinachanganya mifumo miwili. Huyo ana akili ya lugha. Alichokosa ni kuelezwa.

Tangu 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE uliwapima watoto wetu sarufi kwa maswali ya kuchagua herufi. Tathmini ya KPSEA, iliyoanza 2022, nayo imefuata njia hiyo ya kuchagua. Mtindo huo umetuzoesha ushauri mbaya: "Soma zote, uchague inayopendeza masikioni." Sikio la mtoto wa Igembe au Mbeere limelelewa na lugha nyingine. Ukimwambia alitegemee, litamshuhudia kwa uaminifu kwamba "katoto kale kanalia" ni sawa, kwa kuwa kwao udogo huonyeshwa kwa ka-, ilhali Kiswahili sanifu kinataka "kitoto kile kinalia".

Kuna na makosa yasiyotoka nyumbani bali sokoni. "Mtu mwenye alikuja" husikika kila siku mjini Meru, na mwanafunzi akijaribu kuisahihisha huandika "mtu ambaye aliyekuja". Hapo amevaa kofia mbili juu ya kichwa kimoja. Urejeshi huonyeshwa mara moja tu: "mtu aliyekuja" au "mtu ambaye alikuja".

Basi mwanafunzi na afanye hivi kabla ya kuzitazama herufi. Kwanza, aitafute nomino inayotawala sentensi na kuitambua ngeli yake, akiuliza kama ni kiumbe mwenye uhai. Pili, aufuate upatanisho wake neno kwa neno hadi kwenye kitenzi. Tatu, ahesabu virejeshi. Kisha aweze kusema kwa kinywa chake kwa nini kila jibu aliloliacha si sahihi. Asiyeweza kusema hivyo hajajibu swali, hata kama amepata alama.

Walimu wataniambia kwamba muda hautoshi na madarasa yamefurika. Ni kweli. Lakini kueleza kosa moja la darasa zima huchukua dakika tano, na kulirudia bila kulieleza huchukua miaka minane.

Wala tusimfanye mtoto aione haya lugha ya kwao. Usanifu ni makubaliano: mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo hata mtoto wa Mvita hulazimika kuacha baadhi ya matamshi ya nyumbani anapoingia chumba cha mtihani. Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu anayeijua asili ya kosa hamwambii mtoto kwamba lugha yake ni mbovu. Humwonyesha mpaka kati ya lugha mbili, na jinsi ya kuuvuka.