Kabla ya Kukopa Pesa za Kamera: Mwongozo kwa Wapiga Picha wa Mombasa

Mombasa haijawahi kukosa kazi ya picha. Kuna harusi kila mwisho wa wiki, mahafali ya vyuo, hoteli zinazotaka picha mpya za vyumba na vyakula, mechi za mitaani, mikutano ya hadhara, na wageni wanaotaka kumbukumbu mbele ya Fort Jesus. Ndiyo maana vijana wengi katika wadi zetu huingia kwenye kazi hii, na wengi huanza kwa swali moja: ninunue kamera gani?

Swali hilo ni la haki, ila hutangulizwa mno. Kamera ya bei kubwa haimwokoi mtu aliyepoteza picha zote za harusi kwa sababu kadi imeharibika. Wala haimtetei aliyeweka mtandaoni picha ya mtoto wa watu bila ruhusa ya mzazi. Kabla ya kwenda kwenye chama au benki kuomba mkopo, yafaa kujua pesa ziende wapi kwanza, na ni mambo gani hayanunuliwi dukani.

Anza na ulicho nacho

Simu yenye kamera nzuri inatosha kukufundisha mambo mawili makubwa: kupanga kilichomo ndani ya fremu na kusoma mwangaza. Kasoro yake ni kwamba kihisi cha simu, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu picha hujaa chengachenga. Kihisi cha kamera kubwa ya aina inayoitwa fremu kamili kina upana wa milimita 36 na urefu wa milimita 24, na kile cha aina ya APS-C, kilichomo katika kamera nyingi za kuanzia, kina upana wa milimita 22 hadi 24. Vyote viwili hupokea mwanga mwingi kuliko simu, na kwa kazi nyingi za hapa, APS-C inatosha.

Madukani utakutana na makundi mawili. DSLR zina kioo ndani na ni nzito zaidi. Kamera zisizo na kioo ni mpya zaidi, nyepesi, na nyingi hufuata uso na jicho la mtu kwa wepesi. Kwa mfuko mdogo, DSLR iliyotumika bado ni chaguo la busara, kwa kuwa lenzi zake ni nyingi sokoni. Lenzi za Canon za aina ya EF zilianza kutengenezwa mwaka 1987, na hadi leo zinaingia katika DSLR za kampuni hiyo.

Gawanya pesa zako

Kosa la kawaida ni kumaliza bajeti yote kwenye mwili wa kamera. Jaribu mgawanyo huu: nusu kwa mwili wa kamera, robo kwa lenzi, na robo iliyobaki kwa betri ya pili, kadi mbili, flashi na diski ya nje. Lenzi ya milimita 50 yenye mwanya wa f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kwa kampuni nyingi, na huingiza mwanga mwingi kuliko ile inayouzwa pamoja na kamera. Mwili wa kamera utaubadilisha baada ya miaka michache. Lenzi nzuri, ukiitunza, utakaa nayo.

Ukinunua kamera ya mkono wa pili, kagua mambo manne. Kwanza, uliza shata imefunguka mara ngapi. Shata ni kilango kinachofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, na katika kamera nyingi za kuanzia hukadiriwa kuhimili takriban mara 100,000. Pili, mulika ndani ya lenzi kwa tochi ya simu. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na itaendelea kukua. Tatu, piga picha kadhaa za ukuta mweupe uone kama kuna madoa yanayojirudia mahali pamoja. Nne, dai risiti na uandike namba ya kifaa. Kupokea mali ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa ni kosa la jinai, na bei ya kutupa ni dalili ya kwanza.

Bahari haina huruma na kamera

Chumvi na unyevu wa Pwani huharibu vifaa haraka kuliko kazi yenyewe. Usihifadhi kamera kwenye mkoba wa kitambaa miezi yote. Chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika masanduku ya viatu, ni kinga ya bei ndogo. Vipakiti hivyo navyo huchoka, kwa hivyo vibadilishe. Baada ya kazi ya ufukweni, pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Usibadilishe lenzi pale upepo unapopeperusha mchanga.

Ukitoka kwenye ukumbi wenye hewa baridi kwenda nje kwenye joto, lenzi huota ukungu papo hapo. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda wa nusu saa ili ipate joto polepole.

Kanzu, buibui na jua la utosini

Kamera haijui kama inatazama kanzu au ukuta. Hupima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Ikielekezwa kwa bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, huona mwanga mwingi na kuupunguza, na uso wake ukatoka mweusi usiotambulika. Ikielekezwa kwa kundi la kina mama waliovaa buibui, huona giza na kuongeza mwanga, na nyuso zikaungua kwa weupe. Dawa yake ni kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Ongeza kidogo panapotawala weupe, punguza panapotawala weusi, kisha hakikisha kwenye kioo kwamba uso uko sawa. Uso ndio picha, nguo hufuata.

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na adhuhuri jua husimama karibu na utosi. Macho huzama kivulini. Kama ratiba ni yako, piga picha za nje kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Kama si yako, mpeleke mteja chini ya mwembe, kwenye baraza au kando ya ukuta mweupe unaorudisha mwanga.

Picha moja, nakala tatu

Picha ya RAW huhifadhi kila kitu ambacho kihisi kimeona, na hukupa nafasi ya kurekebisha mwanga baadaye. JPEG imeshabanwa na kamera na haina nafasi kubwa hivyo. Kwa kamera ya megapikseli 24, faili moja ya RAW inaweza kufika megabaiti 25 au zaidi. Harusi yenye picha 1,500 itahitaji karibu gigabaiti 38. Badala ya kutia yote kwenye kadi moja kubwa, tumia kadi mbili au tatu, ili ikiharibika moja usipoteze siku nzima.

Kanuni inayofuatwa na wapiga picha duniani ni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Kwa mfano, moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja mtandaoni au nyumbani kwa ndugu unayemwamini. Usifute kadi hadi nakala zote zifunguke. Nikaha haifungwi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha.

Kwa kuhariri, Snapseed hupatikana bure kwenye simu. Kwenye kompyuta, darktable na RawTherapee hufungua faili za RAW bila malipo, na GIMP hufaa kwa marekebisho ya kina. Lightroom ya Adobe hutumiwa na wengi, lakini hulipiwa kila mwezi. Usitumie programu iliyovunjwa kufuli. Mara nyingi huja na virusi, na ni vigumu kudai haki ya kazi yako huku ukitumia ya mwenzako kwa wizi.

Picha ni ya nani?

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa aliyepiga picha hakimiliki, nayo hudumu miaka 50. Lakini kifungu cha 31 kina sharti ambalo wengi hawalijui: kazi ikiwa imeagizwa na mteja, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kwamba hoteli iliyokuajiri kwa siku moja inaweza kutumia picha zako miaka nenda miaka rudi bila kukulipa tena, na wewe huna haki ya kuziuza kwingine, kama hamkuandika lolote. Karatasi ya ukurasa mmoja inatosha. Iandike bei, idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi, nani ana hakimiliki, na kama unaruhusiwa kuzionyesha kama mfano wa kazi yako. Karatasi hiyo humlinda mteja pia, maana mchelewaji hana pa kujificha.

Kuwa na hakimiliki si sawa na kuwa na ruhusa ya mtu aliyemo pichani. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Mnamo Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mgahawa mmoja ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Kabla ya kutangaza kazi yako kwa sura ya mtu, muulize, na jibu lake liwe la maandishi.

Kwa Pwani jambo hili lina uzito zaidi. Usiku wa kupamba, ukumbi huwa wa wanawake pekee, na simu mara nyingi hukatazwa mlangoni. Kazi hiyo inawangoja wapiga picha wa kike, na ujuzi unaolipiwa hapo ni pamoja na amana. Faili zikae kwenye diski yenye neno la siri, anayehariri awe mwanamke, na mkataba useme ni lini nakala zitafutwa. Picha moja ikivuja, huvunjika heshima ya familia nzima, na jina lako halirudi.

Kumbuka pia kwamba bandari, uwanja wa ndege na kambi za jeshi si mahali pa kuinua kamera bila idhini. Droni nayo lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na kupewa kibali kabla ya kurushwa. Na ukifungua studio, chukua kibali cha biashara cha kaunti kama mfanyabiashara mwingine yeyote.

Walimu tulio nao

Wengi hutafuta mifano kwa wapiga picha wa mbali, na si vibaya. Lakini Kenya ina walimu wake. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alipiga mwaka 1984 picha za njaa ya Ethiopia zilizoushtua ulimwengu na kuchochea misaada mikubwa. Alipoteza mkono katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991, akarudi kazini, hadi alipofariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na Komoro. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata na kuunganisha picha kwa mkono ndani ya studio yake, miongo mingi kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo. Na hapa kwetu, miaka ya 1990, wapiga picha wa kando ya kivuko cha Likoni walitandaza mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu, wakampa msafiri wa kawaida nafasi ya kusimama popote alipopaota.

Hao wa Likoni hawakuwa na vifaa vya kutajika. Walimjua mteja wao na walijua anataka aonekane vipi. Zoezi zuri ni kuchukua albamu ya nyanya yako na kuuliza kila picha maswali matatu: mwanga umetoka wapi, mtu amesimamaje, na kwa nini picha hii ilihifadhiwa wakati nyingine zimepotea. Kisha nenda Mji wa Kale asubuhi ukiwa na lenzi moja tu, upige mlango mmoja kwa namna kumi.

Fanya hivyo kwa miezi mitatu kwa kifaa ulicho nacho au cha kuazima. Pata wateja watatu, waandikie mikataba, na wakabidhi picha kwa siku mliyokubaliana. Baada ya hapo swali la kamera gani litakuwa na jibu rahisi: ile ambayo kazi uliyokwisha kuipata inaweza kuilipia.