Vidonge Kumi na Viwili

Habari ilitoka Oxford tarehe 16 Juni 2020. Kesho yake asubuhi mzee mmoja wa mtaani kwetu Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa mlangoni pa duka langu la dawa, barakoa imeshuka kidevuni.

"Mwanangu, nipe ile deksa ya korona. Nimeisikia redioni."

Ilikuwapo, mkebe mzima. Deksamethasoni ni dawa ya tangu miaka ya 1950. Tumeizoea kwa pumu, mizio na baridi yabisi.

"Ami, wapumua vyema?"

"Alhamdulillahi."

"Basi siuzi."

Alikasirika, nami sikumlaumu. Mji wa Kale ulikuwa umefungwa tangu Mei 6, ukafunguliwa mwanzoni mwa Juni. Kila nyumba ilikuwa na hofu yake. Nikamkalisha barazani.

Dawa hii haiui kirusi. Kirusi kikishika mapafu, kinga ya mwili hutoka kupigana nacho. Kwa baadhi ya wagonjwa, wiki ya pili hivi, vita hupita mpaka: kinga huyashambulia mapafu yenyewe, yakavimba na kujaa maji. Hapo ndipo deksa husaidia, kwa kuituliza kinga. Ukiimeza mapema, wamzuia mlinzi mwizi angali mlangoni.

Watafiti wa Oxford, kina Peter Horby na Martin Landray, waliwapa wagonjwa 2,104 wa hospitali za Uingereza miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, wakawalinganisha na 4,321 waliotibiwa kama kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi. Kwa waliopewa oksijeni tu, kwa moja ya tano. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote, na idadi ya waliokufa kati yao ilielekea kuwa kubwa zaidi.

Nilimhesabia vidonge vya nusu miligramu ili aone: 12, dozi ya siku moja. Bei yake haikufika nauli ya matatu hadi Feri. Kilichokuwa ghali, na hili liliniuma sana miezi ile, ni mtungi wa oksijeni, na bila kufikia hali ya kuuhitaji vidonge hivi havina kazi.

Tena ami yule ana sukari, na deksa huipandisha.

"Na nikibanwa na pumzi usiku?"

"Usinigongee mimi. Akupeleke mwanao Makadara, Hospitali Kuu, usiku huo huo."

Akavitazama vidonge sahanini, akavisogeza kwangu.

"Haya, nipe zangu za sukari. Zimebaki mbili."