Daftari Zilizopita Tabora

Njia ya misafara itokayo Bagamoyo ilipita Unyanyembe, ndiyo nchi ya Tabora, ikaenda hata Ujiji. Wapagazi walioipita hawahesabiki, na wengi wao hawakujua kuandika. Jacob Wainwright alijua, maana alisomeshwa Nasik, Bara Hindi. Mwezi wa Agosti 1872 yeye na wenzake walifika Kwihara, karibu na Tabora, kumtumikia Livingstone.

Livingstone alikuwa amengoja wapagazi hapo tangu Februari, akiandika siku kwa siku habari za mji, na za vita vya Waarabu na Mirambo.

Mwaka 1873 akafa kijijini kwa Chitambo, mbali sana kusini. Jacob akaandika orodha ya vitu vya marehemu. Kisha Susi na Chuma wakaongoza msafara, wakichukua mwili pamoja na daftari. Mwezi wa Oktoba walifika tena Kwihara, wakamkuta Cameron, Mwingereza, akawashauri mwili uzikwe pale pale. Wapagazi kumkatalia Mzungu halikuwa jambo dogo siku zile, nao wakakataa. Wakafika Bagamoyo Februari 1874, na mwaka huo huo daftari zikapigwa chapa London, na habari za Kwihara zimo.