Pombe ya mtama Singida: Namna ya kuionja, na kile ambacho ulimi hauwezi kukitambua

MNYWAJI wa mjini anayeagiza bia nyeusi hujua anachokitafuta: rangi ya kahawa, povu zito na uchungu unaokausha kinywa. Mnywaji huyo huyo akipewa kata ya pombe ya mtama mkoani Singida, mara nyingi huionja mara moja, akakunja uso na kusema imechacha. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Pombe hiyo nayo ina ukavu wake, ila unatoka kwingine.

Bia nyeusi ilikua London katika karne ya 18, ikitokana na bia iliyoitwa porter kwa sababu ilipendwa na wapagazi wa mji huo. Mwaka 1817, Daniel Wheeler alipata hataza ya kukaanga kimea cha shayiri katika pipa la chuma linalozungushwa juu ya moto, kama kahawa inavyokaangwa. Kuanzia hapo, kiasi kidogo cha nafaka iliyokaangwa kilitosha kuipa bia weusi na ladha ya kuungua. Huitwa kavu, kama divai inavyoitwa kavu, kwa sababu chachu imekula sehemu kubwa ya sukari na kubakiza uchungu wa nafaka hiyo na wa maua ya hopsi.

Singida hakuna hopsi, wala mtama haukaangwi hadi kuwa mweusi. Ukavu wa pombe yake ni ukakasi, ule ule unaohisiwa na mtu anayetafuna ndizi mbichi au kunywa chai ya rangi iliyokolea. Chanzo chake ni tanini, ambayo imo kwa wingi katika baadhi ya aina za mtama wenye punje nyekundu au za kahawia.

Wakulima wa mikoa ya kati wana sababu ya kuhifadhi mbegu hizo. Ndege aina ya kwelea kwelea huvamia mashamba kwa makundi makubwa, na punje chungu huwavutia kidogo kuliko nyeupe. Kwa hiyo ladha inayomkunja uso mgeni ni kinga iliyoanzia shambani.

Kinga hiyo sasa ina mshindani. Tanini hudhoofisha vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana viwanda vya bia hupendelea mtama mweupe, kama vile mbegu ya Macia. Mkulima anayelenga soko hilo hupanda mweupe, na punje nyekundu inapopungua shambani, ladha ya pombe nayo hubadilika.

Utengenezaji wenyewe, ambao kwa desturi za Wanyaturu na majirani zao Wanyiramba ni kazi ya wanawake, huanza kwa kuloweka mtama na kuufunika hadi uchipue. Kimea hicho huanikwa juani, kikapukuswa vijizizi na machipukizi, kisha kikasagwa. Kupukusa si usafi tu: machipukizi ya mtama yana kiasili kinachoweza kutoa sianidi, ambayo ni sumu.

Unga wa kimea huchanganywa na uji uliopoa. Kwanza hupatikana utamu wa togwa, kisha bakteria wale wale wa jamii inayogandisha maziwa huleta uchachu, na mwisho chachu hugeuza sukari kuwa kileo. Pombe huliwa na kunywewa kwa pamoja, kwa maana ya kwamba ni nzito, na chembe za nafaka hubaki ndani yake.

Anayetaka kuithamini aanze na macho. Pombe nzuri huwa na ukungu wa nafaka na viputo vinavyopanda, dalili kwamba bado iko hai. Kisha anuse kabla ya kunywa. Harufu inayotarajiwa ni ya unga uliokandwa, uji na maziwa mgando. Baridi kali huificha harufu hiyo, kama inavyoificha ile ya bia nyeusi, ambayo Waingereza kwa desturi huinywa ikiwa na ubaridi wa chumba cha chini ya ardhi, si wa barafu.

Funda la kwanza likae mdomoni kidogo. Uchachu hutangulia, uzito wa nafaka hufuata, na ukakasi huja mwishoni, ukishika pembeni mwa ulimi na kwenye fizi. Mizani kati ya hayo matatu ndiyo kipimo cha ufundi wa mpishi. Siku pia ina neno lake: ikiwahiwa, utamu hutawala; ikicheleweshwa, huelekea kuwa siki.

Kuionja kwa makini kuna faida nyingine. Pombe ya mtama haichomi koo. Ikichoma, kuna sababu ya kushuku kwamba imetiwa kileo kikali. Harufu ya ukungu wa ghala nayo ni sababu tosha ya kuiweka kata chini.

Hata hivyo, ulimi una mipaka. Januari 2015, watu 75 walifariki huko Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ulidai imetiwa nyongo ya mamba. Vipimo vya maabara vilionyesha sumu iliyotengenezwa na bakteria, na unga wa mahindi ulioharibika ukahusishwa nayo.

Mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, inayopakana na Singida. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji, na kuchemsha hakuimalizi.

Kwa sababu hiyo, sifa ya kwanza ya pombe njema haimo katika kata. Imo katika nafaka iliyokaushwa vizuri, ikahifadhiwa pakavu na kuchambuliwa kabla ya kulowekwa. Mnywaji anayejua ukakasi unatoka wapi atajua pia swali la kumuuliza mpishi kabla ya kupokea kata: mtama huu ni wa shamba gani, na umekaa wapi tangu uvunwe?