Wanaobaki nyumbani nao wamo safarini

Mtu wa kwenu anapojiandaa kwenda kuizunguka dunia, maswali yote ya afya humwelekea yeye. Je, amechanjwa? Amebeba dawa za kutosha? Chakula cha huko kitamkubali? Ni maswali mema na yafaa kuulizwa. Lakini ni wachache wanaouliza juu ya mama mzee anayebaki hapa Silibwet na simu chini ya mto, au dada aliyeachiwa ng'ombe, majani chai na watoto wa shule. Leo tuwazungumzie hao.

Watu wa Bomet na Kericho wametawanyika kote duniani. Wako wanariadha, wauguzi, wanafunzi, na vijana walioajiriwa katika meli za utalii. Wako pia mume na mke ambao, baada ya kulea na kusomesha watoto, huamua kutumia akiba yao kuona dunia. Meli ya kuizunguka dunia huchukua miezi mitatu au minne hivi, na baadhi ya meli za utalii hutia nanga Mombasa. Kwa muda huo wote wawili wako baharini, na ukoo mzima uko nyumbani ukiwafuata kwa simu, picha na maombi.

Usingizi unaokatwa na saa za ng'ambo

Tatizo la kwanza ninaloliona ni la usingizi. Dunia imegawanywa kwa saa, na kila nyuzi 15 za longitudo ni tofauti ya saa moja. Meli inayoelekea magharibi hurudisha saa nyuma hatua kwa hatua, na ikivuka mstari wa tarehe katikati ya bahari ya Pasifiki, siku nzima huruka. Msafiri hulala Jumatatu akaamka Jumatano. Asiyeyajua haya, akingoja simu ya Jumanne isiyokuja, hudhani meli imezama.

Chukua mfano wa Los Angeles. Wasafiri wakimaliza chakula cha mchana saa nane huko, hapa Silibwet ni saa saba za usiku, au saa sita za usiku katika majira yao ya joto. Wao wana furaha na wanataka kuzungumza. Kogo naye anaamshwa, anaongea nusu saa, kisha usingizi unakataa kurudi. Alfajiri inamkuta macho makavu, na majani chai hayangoji.

Mtu mzima anahitaji kulala angalau saa saba. Akikosa usiku mmoja, mwili hufidia. Akikosa kwa wiki na miezi, shinikizo la damu hupanda, sukari mwilini huwa ngumu kudhibiti, na hasira huwa karibu. Kwa mzee ambaye tayari anameza dawa za presha au za kisukari, hilo si jambo dogo. Mtu mwenye usingizi hali yake si mbali na ya mlevi: huteleza bafuni, hujikata kwa panga, au humeza dawa mara mbili.

Dawa yake ni rahisi. Chagueni siku mbili au tatu za juma na saa inayofaa pande zote mbili. Saa mbili za usiku Los Angeles hapa ni saa moja ya asubuhi, au saa kumi na mbili alfajiri katika majira yao ya joto. Hapo chai imekwisha kuandaliwa na kila mtu yuko macho. Usiku, simu ya mzee izimwe sauti, na kijana mmoja wa nyumba ndiye abaki na simu ya dharura.

Hofu haipimwi kwa hatari

Tatizo la pili ni wasiwasi. Mwaka wa 2020 dunia nzima iliona jinsi familia zinavyoweza kuteseka zikiwa mbali na meli. Mwezi wa Februari mwaka huo, meli ya Diamond Princess, iliyokuwa na watu 3,711, iliwekwa karantini katika bandari ya Yokohama, Japani, na zaidi ya 700 kati yao wakapatikana na virusi vya korona. Jamaa zao walikuwa wakihesabu wagonjwa wapya kila siku kwenye habari.

Mfano mwingine ni wa meli ya Costa Deliziosa, iliyoondoka Venice, Italia, Januari 2020 kwenda kuizunguka dunia. Bandari zilipofungwa, abiria walikaa kama wiki tano bila kukanyaga nchi kavu, mpaka walipofika Barcelona na Genoa mwezi wa Aprili. Ndani ya meli hiyo maisha yaliendelea, chakula kilikuwepo, na wenye meli walisema hakukuwa na ugonjwa huo. Waliokuwa nchi kavu ndio waliofungiwa majumbani wakati huo, huku maradhi yakizagaa mitaani mwao.

Nasema haya ili uelewe, msomaji, kwamba hofu ya anayebaki haiendi sawa na hatari ya aliyesafiri. Aliye safarini huona bahari imetulia. Aliye nyumbani haoni kitu, na akili ya binadamu ikikosa habari hujitungia yenyewe, tena mbaya.

Wasiwasi huo hauishii akilini. Mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli, moyo hudunda kwa kasi, mishipa hukaza, tumbo huvurugika. Wengi huja zahanati wakisema wana malaria, au vidonda vya tumbo, au kichwa kisichopoa. Vipimo vikiwa safi, lazima tuulize: ni nani hayupo nyumbani? Hata hivyo usijipime mwenyewe kwa kukisia. Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au shingoni, pumzi kukatika, mdomo kwenda upande, mkono mmoja kulegea, au ulimi kuwa mzito, hayo si mawazo ya safari. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja. Hapa Silibwet tuna bahati, kwani hospitali ya Tenwek haiko mbali.

Mficha maradhi kifo humuumbua

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Katika familia nyingi hupitishwa amri isiyoandikwa: "Msiwaambie, mtawaharibia safari." Mzee akianguka, hawaambiwi. Sukari ikipanda, hawaambiwi. Mgonjwa mwenyewe huchelewa kwenda hospitali kwa sababu akilazwa, habari zitafika melini. Nao walio melini, mume akiugua, hutuma picha za mezani wakitabasamu. Pande zote mbili hudanganyana kwa upendo, na ugonjwa hupata nafasi ya kukomaa.

Mtu mwenye kisukari ambaye kidonda chake cha mguu kingeponywa kwa kusafishwa na dawa za wiki mbili, akingoja miezi mitatu mpaka binti arudi, anaweza kuupoteza mguu. Mtu ambaye shinikizo lake linapimwa na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara anahitaji matibabu sasa. Mshipa wa damu haujui ratiba ya meli.

Tena wakati mwingine nafasi ya kuambiana hupotea kabisa. Wako wasomaji watakaowakumbuka Paul na Rachel Chandler, mume na mke Waingereza waliotekwa na maharamia wa Kisomali tarehe 23 Oktoba 2009, wakiwa katika mashua yao kutoka Shelisheli kuelekea Tanga. Waliachiliwa tarehe 14 Novemba 2010 na kupitia Nairobi wakirejea kwao. Katika kipindi hicho baba yake Paul alifariki, na Paul akapata habari hiyo baada tu ya kuwa huru. Hao walizuiwa kwa bunduki. Sisi tunajizuia wenyewe kwa kunyamaza, ilhali simu iko mfukoni.

Mapatano kabla ya kuondoka

Kwa hiyo nashauri familia ikae pamoja kabla ya safari, iandike karatasi moja na kuitunza mahali pajulikanapo. Iwe na mambo haya:

1. Majina ya dawa ambazo kila mmoja anameza, wasafiri na wazee wa nyumbani, pamoja na vipimo vyake na tarehe ya kurudi kliniki.

2. Jina la mtu mmoja wa nyumbani mwenye uwezo wa kuamua mgonjwa apelekwe wapi, na fedha za dharura zilizowekwa mbali na za matumizi. Isiwe kwamba mama anazidiwa huku watu wakingoja idhini kutoka bahari ya Hindi.

3. Habari zitakazotolewa lazima. Patana hivi: mtu akilazwa, tutaambiana. Mafua na ugomvi wa mpaka wa shamba vinaweza kungoja.

4. Nakala za pasipoti, bima ya safari na ratiba ya bandari. Bima iwe inalipia matibabu ya melini na kumsafirisha mgonjwa, kwani gharama hizo ni kubwa mno.

5. Siku na saa za simu, na maelewano kwamba kimya cha siku mbili au tatu katikati ya bahari si habari mbaya.

Wasafiri wenyewe wasisahau kuchanjwa homa ya manjano siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Tangu mwaka wa 2016 cheti cha chanjo hiyo hutambuliwa kwa maisha yote. Melini, wanawe mikono kwa sabuni na maji, maana virusi vya kuharisha vinavyoenea sana katika meli havimalizwi vyema na dawa za kupaka zenye spiriti.

Na ninyi mtakaoteremka Mombasa kuwasindikiza au kuwapokea, laleni ndani ya neti. Sisi watu wa nyanda za juu za chai hatuna kinga ya kutosha dhidi ya malaria, ndiyo maana huku kwetu ikija huja kwa kishindo. Homa ikikupata wiki moja au hata miezi miwili mitatu baada ya kurudi, pimwa damu siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba ulikuwa pwani. Usiite baridi ya Silibwet.

Mwisho, tusimhukumu anayelia baada ya kuona picha za wenzake wakiwa Sydney au Rio de Janeiro. Kulia si wivu. Huenda ni uchovu wa kubeba kazi za watu watatu. Jirani akikamua ng'ombe jioni moja, au mpwa akifikisha majani chai kituoni, huyo anayebaki anapata nafasi ya kwenda kliniki. Ikiwa wewe ndiwe uliyebaki, nenda juma hili ukapimwe shinikizo la damu na sukari, kisha majibu uyatume melini yalivyo, mazuri au mabaya.