Mcheza Kwao Hutunzwa: Salum Abdallah na Amana ya Santuri Zake

Mwezi wa Shawwal unapoandama, na watu wa Kitangari, Newala na Masasi wakiwa katika maandalizi ya sala ya Idi, redio nchini huurudia wimbo mmoja wa zamani uitwao "Mkono wa Idi". Wazee huutambua tangu mpigo wa kwanza wa gitaa. Vijana nao huufuatisha, kwa kuwa wamezaliwa na kuukuta. Lakini ukimwuliza kijana aliye karibu nawe ni nani anayeimba, aghalabu atakujibu kwamba huo ni wimbo wa Idi, basi. Kana kwamba uliota wenyewe kama uyoga baada ya mvua.

Anayeimba ni Salum Abdallah wa Morogoro, pamoja na bendi yake ya Cuban Marimba. Alifariki mwaka 1965. Taifa zima linaijua sauti yake, lakini jina lake limebaki kwa wazee wachache na kwa wakusanyaji wa santuri walio ng'ambo. Leo twataka kuyazungumza mambo haya mawili, yaani sauti iliyobaki na jina lililopotea, kwa maana twaamini kuwa ndani yake limo deni ambalo taifa halijalilipa.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba yake Mwarabu na mama yake Mluguru. Morogoro ya siku hizo ilikuwa mji wa reli na mashamba ya mkonge, na watu wa makabila mengi walikutana hapo kutafuta kazi. Katika miji ya namna hiyo zilienea santuri za Kuba zilizouzwa Afrika nzima chini ya herufi GV tangu miaka ya 1930. Kijana Salum alizipenda kupita kiasi. Simulizi za maisha yake husema kwamba alipata kutoroka nyumbani kwa nia ya kusafiri hadi Kuba kwenyewe, na safari ikamfikisha Mombasa tu. Alirejea Morogoro, na mwaka 1948 akaunda bendi iliyoitwa La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba.

Hapa pana jambo ambalo hapana budi lipimwe kwa makini. Mtu aliyesikia majina hayo ya Kikuba angeweza kudhani kuwa bendi ile ilikuwa ya waigaji. La hasha. Mdundo ulitoka mbali, lakini maneno yalikuwa Kiswahili safi. Mafumbo yalikuwa ya kwetu, na mambo yaliyoimbwa yalikuwa ya nyumba zetu: mapenzi, mashemeji, sikukuu, na hatimaye uhuru na ujenzi wa nchi. Tena huko Kuba mdundo wenyewe ulikuwa umepandwa na watumwa waliochukuliwa kutoka Afrika. Kwa hiyo alichokifanya Salum Abdallah ni kukipokea kitu kilichopotea, kukivua nguo za ugenini na kukirudisha barazani.

Nyimbo zake zilirekodiwa na kampuni ya Assanand and Sons ya Mombasa, chini ya nembo ya Mzuri. Santuri za mwanzo zilikuwa zile za mizunguko 78 kwa dakika, nzito na zenye kuvunjika kama kigae. Zikafuatiwa na zile ndogo za mizunguko 45. Hata sisi wa uwanda wa Makonde hatukuwa mbali na habari hizo. Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma walikwenda kwa wingi kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na Morogoro ilikuwa mojawapo ya sehemu walizofikia. Mtu aliporudi kwao baada ya mkataba, alirudi na nguo, na baiskeli akijaliwa. Na mwenye bahati zaidi alirudi na gramafoni. Ndivyo muziki wa dansi wa mjini ulivyoingia katika vijiji ambavyo usiku wake ulikuwa wa sindimba na mapiko.

Wimbo wake uitwao "Wanawake Tanzania" una tarehe ndani ya jina lake. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likaanza kutumika rasmi mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo. Salum Abdallah alifariki Novemba 1965. Basi kati ya kuzaliwa kwa jina hilo na kufa kwa mwimbaji huyo haukupita hata mwaka mmoja na nusu. Nchi ilikuwa haijalizoea jina lake yenyewe, naye alikwisha kulitia katika wimbo, akawaita kwalo wanawake wa nchi nzima. Wanasiasa walitangaza jina bungeni. Wanamuziki walilifikisha sokoni, kisimani na jikoni. Hiyo nayo ni kazi ya ujenzi wa taifa, na ingefaa ihesabiwe hivyo.

Ajali ya gari ilimwondoa akiwa na umri wa miaka 37. Mwenyezi Mungu amrehemu. Cuban Marimba iliendelea chini ya Juma Kilaza. Katika mji huohuo wa Morogoro akainuka Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, bendi iliyoshindana na Cuban Marimba kwa miaka mingi. Naye Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari, Januari 1979, huko Mombasa. Mji mmoja uliitoa nchi waimbaji wawili wakubwa, na barabara ikawachukua wote wawili.

Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alieleza kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Neno hilo roho lina kisa chake. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 vijana wa Dar es Salaam walipendezwa na muziki wa Wamarekani weusi ulioitwa soul, neno ambalo kwa Kiswahili maana yake ni roho hiyohiyo. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Ndugu Mustafa Songambele, aliupiga marufuku Dar es Salaam. Wapo waliounga mkono kwa hoja ya kulinda utamaduni, na wapo waliouliza mbona rumba na mengineyo ya kigeni yameachwa. Sisi twaona kwamba jibu lilikuwa limekwisha kutolewa huko Morogoro kabla ya swali kuulizwa. Muziki wa mgeni si lazima uue roho ya mwenyeji, iwapo mwenyeji ataufinyanga kwa lugha yake na kwa mambo yake. Yaiuayo roho ni kusahau, na dhidi ya kusahau hakuna mkuu wa mkoa yeyote aliyewahi kupiga marufuku.

Sasa tuangalie jinsi wenzetu walivyotunza. Huko Marekani, Syl Johnson wa Chicago aliimba soul katika miaka ya 1960 bila kufikia umaarufu wa wakubwa wa wakati wake. Mwaka 2010 kampuni ya Numero ya mji huohuo ilizikusanya santuri zake na kuzitoa upya, pamoja na maelezo ya maisha yake. Alikuwa hai, akazisikia, na wanamuziki wa kizazi kipya walipochukua vipande vya nyimbo zake alisimama kudai haki yake mpaka mahakamani. Alifariki mwaka 2022 akiwa anajulikana.

Salum Abdallah naye alitolewa upya. Katika miaka ya 1980 Mwingereza John Storm Roberts, aliyepata kuishi Kenya na baadaye kuhamia Marekani, alitoa mkusanyo wa muziki wa dansi ulioitwa The Tanzania Sound. Mwaka 2000 kampuni ya Dizim ya Ujerumani ikatoa sidii nzima ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, iliyokusanya nyimbo za tangu 1955 hadi 1965, ikaipa jina la wimbo wake mmoja, "Ngoma Iko Huku". Wageni hao wanastahili shukrani, maana bila wao baadhi ya nyimbo hizi zingekwisha pamoja na santuri zilizozibeba. Lakini jina la sidii hiyo latupa haya kidogo. Ngoma iko huku; wenye kuitunza wako kule.

Iko pia hesabu ya haki. Alipokufa mwaka 1965, hata Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwa haijatungwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 iliweka kipimo kwamba kazi ya mtunzi italindwa katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Tukihesabu kwa kipimo hicho, ulinzi wa tungo za Salum Abdallah uliisha mwishoni mwa mwaka 2015. Miaka hamsini ilipita huku nyimbo zikipigwa kila sikukuu. Sheria haina tena cha kuwapa warithi wa tungo hizo. Kilichosalia ni dhamiri ya wananchi na heshima ya kulitaja jina lake, na jambo hilo halihitaji fedha.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mtangazaji anayepiga wimbo wa zamani ataje jina la mwimbaji, bendi na mji wake. Ni sentensi moja tu, lakini ikisemwa kila Idi kwa miaka kumi, watoto wote watamjua Salum Abdallah. Pili, kanda zilizoachwa na iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam zihesabiwe kuwa mali ya taifa kama zilivyo nyaraka za serikali. Kanda huoza, kazi ya kuzinakili kwa mitambo ya kisasa haifai kungoja wafadhili.

Tatu, na hili latuhusu sisi wa huku, tusingoje Dar es Salaam. Katika masanduku ya wazee wa Kitangari na vijiji vya jirani huenda zimo santuri zilizoletwa na manamba, na katika vifua vyao zimo habari za nani aliimba, wapi na kwa nini. Hapa hapa Kitangari tuna chuo cha ualimu. Wanachuo wake wakitumwa vijijini, kila mmoja na simu yake ya mkononi kama kinasa sauti, wanaweza kukusanya katika muhula mmoja mambo ambayo maktaba kubwa haina. Wayakusanye na ya kwetu wenyewe: nyimbo za jando na unyago zinazoruhusiwa kusikiwa na wote, nyimbo za kuokota korosho, na majina ya wapiga ngoma mashuhuri ambao hakuna kampuni yoyote iliyopata kuwarekodi. Hao hawana hata Mjerumani wa kuwakusanyia.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Salum Abdallah alicheza kwao. Tuzo yake bado iko mikononi mwetu, na kila mwaka mwezi unapoandama tunakumbushwa kwa sauti yake mwenyewe.